Uliza Fundi: Sensa ya bei rahisi inajua nini kuhusu maji yako?

Tangu tuandike juu ya vijana wanaounda mitambo midogo ya kupima maji na gesi za shamba kwa bodi za ESP32 (vikompyuta vidogo) na sensa za kuagiza mtandaoni, barua zimekuja nyingi. Karibu zote zinauliza kitu kimoja: nikinunua hii kitu itanisaidia ama ni pesa imeenda? Nimechagua chache, na zingine nimezipunguza maana zilikuwa ndefu kuliko ukurasa, mnisamehe.

*Fundi habari. Niko Njoro, tulichanga na majirani tukachimba kisima kirefu. Juzi kijana akatuuzia kamita ka TDS, ukichovya kwa maji kanaandika 380. Akasema chini ya mia tano maji ni safi kabisa ya kunywa, hata akatuandikia kwa karatasi. Lakini watoto wa hapa meno yao yana madoa ya kahawia, na mishiri yangu inaungua majani pembeni. Sasa haya maji ni mazuri ama si mazuri? – Mama wa Njoro*

Mama, kwanza hongera kwa huo mchango maana kuchimba kisima si mchezo. Mita yenu haijawadanganya, ni muuzaji ndiye ametia chumvi kwa maneno yake. Inachofanya ile mita ni kupitisha umeme kidogo kati ya vile vichuma viwili vya chini, inaangalia maji yanapitisha umeme kiasi gani, halafu inakisia chumvi zilizoyeyuka ni ngapi kwa jumla. Basi. Haioni bakteria, haioni dawa ya wadudu, na floraidi, ile chumvi inayotia meno madoa, haiitambui peke yake, inaihesabu pamoja na chumvi zingine zote.

Na mimi nikisikia Njoro na meno ya kahawia kwa sentensi moja, cha kwanza kunijia kichwani ni floraidi. Miamba yetu ya Bonde la Ufa ni ya volkeno na visima vingi virefu vya Nakuru vinaipandisha na maji. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Chukua sampuli kwa chupa ya plastiki, si ya glasi, peleka maabara ya maji na uwaambie kwa mdomo wako kwamba unataka floraidi, usiseme tu "nipimieni maji" kwa sababu kila kipimo kinalipiwa kivyake na utarudishiwa karatasi ya vitu hukuuliza. Kuchemsha hakusaidii hapa, tena kunazidisha, maji yanaenda na mvuke floraidi inabaki kwa sufuria. Watoto wadogo hasa chini ya miaka 8, wakati meno ya ukubwani bado yanaundwa ndani ya ufizi, wapeni maji ya mvua mkiweza. Kuna pia vichujio vya makaa ya mifupa, Nakuru vimetumika miaka mingi na vinafanya kazi, ila makaa yenyewe huchoka na mtu asipopima tena hawezi kujua yamechoka lini.

Sasa mishiri. Hii ndiyo sehemu watu wengi hawaambiwi. Hizi mita hazipimi ppm (sehemu kwa milioni, ndiyo hiyo 380), zinapima upitishaji umeme halafu zinazidisha na namba iliyowekwa kiwandani, na kuna zinazozidisha kwa 0.5 na zingine kwa 0.7. Kama yako ni ya 0.5, hiyo 380 maana yake upitishaji ni maikrosiemensi (µS) 760, yaani 0.76 kwa vipimo vya dS/m ambavyo FAO, Shirika la Chakula na Kilimo, hutumia. Kama ni ya 0.7 basi ni kama 540, yaani 0.54. FAO wanasema chini ya 0.7 maji ya kumwagilia hayana shida ya chumvi, kuanzia 0.7 mpaka 3 uanze kuchunga unapanda nini, na mishiri iko kwa ile mimea isiyovumilia chumvi kabisa. Kwa hivyo namba ile ile kwa kioo inaweza kukuweka upande huu wa mstari ama ule! Tafuta kile kikaratasi kilichokuja na mita, ama bonyeza uone kama inaweza kuonyesha µS, hiyo ndiyo usome. Ukienda maabara ongeza sodiamu kwa orodha maana maji ya huko mara nyingi yana sodiamu na magadi, na hiyo inagandisha udongo mpaka maji hayaingii. Pima na pH pia (yaani maji yameegemea asidi ama magadi), maji yenye magadi huharibu dawa zingine za wadudu zikiwa bado ndani ya pampu, unapiga dawa asubuhi nzima na mdudu anakuangalia tu.

Mita msitupe. Pimeni kila wiki, mwandike kwa daftari na tarehe. Ikikaa 380, 375, 390 hakuna neno, lakini siku ikiruka mpaka 600 mjue kitu kimebadilika huko chini, na hapo mnarudi maabara. Kazi yake ni hiyo tu, lakini kwa bei yake ni kazi nzuri.

*Omera Fundi, nafuga ngege kwa vizimba huku Usenge. Kuna asubuhi tuliamka tukapata samaki wanaelea, watu wa uvuvi wakasema ni oksijeni. Mita ya oksijeni nimeuliza bei nikakaa chini. Kuna ya bei rahisi yenye inaweza kunitumia meseji usiku? – Mvuvi wa Usenge*

Pole sana ndugu yangu, hiyo ni hasara ya kumkalisha mtu chini kweli. Iko, lakini tuelewane kwanza. Mwani ulio majini unatoa oksijeni mchana jua likiwaka na usiku unaivuta kama sisi, ndio maana oksijeni hushuka chini kabisa kabla ya kupambazuka. Hilo ni moja. La pili ni la ziwa lenyewe, maji ya chini yanaweza kukaa bila oksijeni, halafu siku upepo ukibadilika ama baridi ikiingia yanapanda juu, na samaki wa nje anajiendea lakini wa kizimba ataenda wapi.

Sensa ya oksijeni ya bei nafuu ni ile yenye utando wa plastiki mbele na maji ya dawa ndani. Kwa sensa za vijana hii ndiyo ghali kuliko zingine zote, na pia ndiyo inataka kubembelezwa zaidi. Ukiisawazisha hewani kumbuka uko wapi: maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba oksijeni yanabeba kama miligramu 8.3 kwa lita pale Mombasa, lakini Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na huku ni kama 7.2 tu. Programu nyingi za kupakua zimeandikwa kwa usawa wa bahari, usiporekebisha, maji yakiwa na 3 sensa yako inakuambia karibu 3.5 na wewe unarudi kulala. Halafu kuna utelezi. Siku chache tu ndani ya ziwa utando unashika ule ute wa kijani, namba zinashuka polepole ingawa maji ni mazima, simu inalia saa tisa usiku bure, mara ya pili bure, mara ya tatu umeizima na hiyo ndiyo ya kweli. Ifute kila baada ya siku mbili tatu na kitambaa laini, ama usiinunue.

Ningekuwa ni mimi ningeanza na joto. Kuna sensa ya joto inaitwa DS18B20, ile ya kichwa cha chuma kisichoingia maji, inauzwa mia chache na unaweza kuunga kadhaa kwa waya mmoja. Weka moja nusu mita kutoka juu, moja chini ya wavu, moja karibu na sakafu ya ziwa. Siku za kawaida juu kuna joto na chini baridi, maji yamelala tabaka tabaka. Ukiona usiku tofauti imepotea haraka na ile ya juu imeshuka ghafla, maji yanageuka. Haikuambii oksijeni ni ngapi ila inakuambia ni usiku gani wa kukosa usingizi, na hapo ndipo unachukua mita moja nzuri ya mkononi ambayo mmenunua kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ama chama mkawa mnazungushiana, unapima kwa kweli.

Lakini kabla ya hayo yote niambie, meseji ikiingia utafanya nini? Usipolisha asubuhi hiyo tayari umesaidia, maana samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni nyingi zaidi. Unaweza kuvuna waliofika saizi, kupunguza msongamano, kuvuta kizimba mpaka kwenye kina na mkondo wa maji. Kama hakuna hata moja unaweza, basi umenunua kitu cha kukuamsha uone msiba mapema. Na alamu ya oksijeni iweke kwa 4, si kwa 2, kwa 2 utakuwa unaokota mizoga.

*Mimi ni mwanafunzi Kakamega, nimeunda kifaa cha kupima maji ya mto, kinatuma kila dakika kwa moduli ya simu ya SIM800, lakini laini ya simu inajizima kila ikitaka kutuma, na betri inakufa baada ya siku mbili. Nimebadilisha betri mara kadhaa. – Mwanafunzi*

Si betri. Ile moduli ya SIM800 ikitafuta mtandao inavuta umeme wa ghafla mpaka ampea 2, na inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, ukiipa 5 unaichoma na ukiipa waya mwembamba inazimia. Weka kapasita kubwa (kile kihifadhi umeme cha muda mfupi) karibu na miguu yake na waya mfupi mnene. Halafu kwa nini unatuma kila dakika? Mto haubadiliki hivyo. Soma kila nusu saa, andika kwa kadi ya memori, tuma mara mbili kwa siku, katikati kifaa kilale kabisa. Ziba matundu ya boksi vizuri na silikoni, siafu na buibui wameua vifaa vingi kuliko mvua.

*Fundi, tuko Ahero kwa mpunga. Kuna mradi wa shule tunataka kuonyesha mashamba ya mpunga yanatoa methani, tumenunua sensa ya MQ-4 tukaiweka kwa nguzo katikati ya shamba. Inasoma sifuri, saa zingine 40, mvua ikinyesha inapanda. Iko sawa? – Kijana wa Ahero*

Haiko sawa lakini si makosa yenu. Hewa ya kawaida ina methani kama ppm 1.9. MQ-4 inaanza kusikia kitu kuanzia mia kadhaa, ilitengenezwa kunusa gesi inayovuja jikoni. Hapo kwa nguzo upepo unachukua kila kitu kabla sensa haijanusa, na hiyo kupanda wakati wa mvua ni unyevu, hizi sensa zinachanganya unyevu na gesi vibaya sana.

Watafiti hawapimi kwa nguzo, wanafunika. Chukua ndoo ya lita 20, pindua juu ya pete ya plastiki uliyoizamisha kwenye tope siku moja kabla, mimea iwe ndani, weka kifeni kidogo cha kompyuta cha kuchanganya hewa na katundu kadogo ka presha. Kile unachotafuta si namba yenyewe, ni kasi: gesi imepanda kiasi gani kwa dakika kumi, halafu unahesabu na ujazo wa ndoo na eneo la pete. Sasa jaribu hii kabla hujaonyesha mtu grafu yako: funika ndoo ile ile juu ya beseni la maji safi ya bomba, bila mpunga na bila tope. Kama "methani" yako inapanda vile vile, umepima mvuke. Nawaambia wengi wakifanya hili jaribio moja mradi unaisha hapo hapo, na afadhali uishe hapo kuliko mbele ya majaji.

Kama mnataka kitu kitafanya kazi, pimeni hewa ya ukaa badala ya methani. Sensa kama MH-Z19 zinatumia mwanga wa infraredi na zinasoma vizuri kuanzia ile 420 hivi iliyoko hewani kwenda juu, mtaona udongo unavyopumua, wenye samadi na usio na samadi, mchana na usiku. Ila zimeni ile kujisawazisha yenyewe: inadhani namba ya chini kabisa iliyoona kwa saa 24 ni hewa safi ya 400, ukiiacha ndani ya ndoo ama zizi la ng'ombe inaanza kukudanganya polepole bila wewe kujua. Gesi ya nitrasi oksaidi ile inayotoka kwa mbolea ya urea na CAN, ambayo kilo yake moja inapasha dunia joto kama mara 273 ya hewa ya ukaa, msihangaike. Iko hewani kama theluthi moja ya ppm na hakuna sensa rahisi ya kuiona. Pale kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, Nairobi wanavuta hewa kwa sindano kutoka kwa hizo ndoo, wanaitia kwa vichupa na kupitisha kwa mashine kubwa ya maabara. Kwa njia hiyo watu walipima mashamba madogo ya hapo kwenu Nyando, matokeo yakachapishwa 2017, na walikuta udongo wa mkulima mdogo unatoa gesi kidogo tu.

Lakini mpunga ni habari nyingine kwa sababu methani inatengenezwa na vijidudu vya tope lisilo na hewa, na hapo kifaa bora ni bomba la PVC. Sentimita 30, toboa matundu nusu ya chini, lizamishe kwenye tope kama sentimita 15 hadi 20 na utoe udongo wa ndani. Maji yakishuka ndani ya bomba mpaka sentimita 15 chini ya uso wa shamba ndipo unafungulia tena, na wakati wa kutoa maua usiache shamba likauke. Kukausha na kulowesha hivi kunaweza kupunguza methani karibu nusu, na maji unayookoa mtu wa mwisho wa mfereji atakushukuru. Mkitaka kuweka sensa, wekeni ya kupima kina ndani ya hilo bomba. Mradi mzuri huo, na hautawaaibisha.

*Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, Vihiga, nina ng'ombe watatu wa maziwa. Kuna vijana wamekuja wakasema wananiwekea sensa ya gesi zizini, nilipe kwanza, halafu nitakuwa napata pesa za kaboni kila mwezi kutoka Ulaya. Nilipe? – Mwalimu*

Mwalimu, heshima zako. Usilipe.

Ng'ombe hutoa methani nyingi kwa kubeua, kupitia mdomo, si nyuma kama watu wanavyocheka, na zizi lako liko wazi pande zote. Hakuna sensa ya kutundikwa kwa nguzo inayoweza kugeuza hiyo kuwa hesabu ya mtu kulipa. Kama unakumbuka ule mradi wa kaboni wa shirika la Vi Agroforestry na Benki ya Dunia uliokuwa na wakulima pande za Kisumu na Kitale, ambao mwaka 2014 ulipata hati zake za kwanza za kaboni (vyeti vya gesi iliyopunguzwa), pale hakuna aliyefungiwa sensa. Wakulima waliandika wanafanya nini, mboji, matandazo, miti, na hesabu ya udongo ikafanywa na modeli ya kompyuta. Pesa ilipita kwa vikundi na haikuwa ya kumfanya mtu aache kufundisha. Sasa tuna sheria, mabadiliko ya Sheria ya Tabianchi ya 2023 na kanuni za soko la kaboni za 2024, na kuna rejista ya kitaifa ya kaboni. Waulize hao vijana mradi wao umeandikishwa kwa jina gani, wakupe mkataba ukae nao nyumbani umwonyeshe wakili ama afisa wa kilimo wa kaunti. Nadhani hawatarudi.

Kama una mtambo wa bayogesi hapo nyumbani, hapo ndipo mahali pake hasa ile MQ-4 ya kijana wa Ahero. Methani ni nyepesi kuliko hewa kwa hivyo ipachike juu karibu na dari ya jikoni. Gesi hulipuka ikifika asilimia 5 ya hewa, yaani ppm 50,000, nawe ukiweka kengele ilie kwa 5,000 una nafasi ya kutosha ya kufungua dirisha. Ina kipasha joto ndani kwa hivyo iwe kwa umeme wa nyumba, betri haitafika asubuhi, na ukiiwasha mara ya kwanza iache siku moja au mbili ipate joto kabla ya kuiamini. Viungo vya bomba pakaza povu la sabuni uone kama linafura, hiyo haihitaji sensa.

*Probu yangu ya pH ilikuwa inasoma vizuri, sasa ukiitia kwa maji yoyote inasema 7 na kitu. Nilikuwa naihifadhi kwa maji ya betri ili ibaki safi. Ni ya kutupa? – Bungoma*

Bado usitupe. Maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, ndiyo yameiharibu, yananyonya chumvi kutoka kwa kile kichwa cha kioo. Iloweke usiku mzima kwa maji ya potasiamu kloraidi ya nguvu ya 3M, duka la vifaa vya maabara wanayo, halafu ijaribu kwa zile poda za 4.01 na 6.86 ulizopewa nayo. Ikisoma tofauti kati ya hizo mbili imepona, isawazishe uendelee na kuanzia hapo kofia yake iwe na hayo maji ya kloraidi kila siku. Ikiendelea kusema 7 kwa zote mbili, nunua kichwa kipya tu, bodi iko sawa, na hata zilizotunzwa vizuri huisha baada ya mwaka mmoja au miwili.